Kuanzia Goti Kwenda Juu

Fomu ina mistari kumi na minne.
Wa tisa unauliza: hasara imesababishwa na nini?
Weka alama sehemu moja tu.
Upepo. Maji. Moto. Wizi. Mengineyo.

Nimefika Mchinga siku ya sita baada ya kimbunga,
buti za kuazima, futi kamba mfukoni,
na kipengele cha nne nimekihifadhi kama Alhamdu:
kampuni italipa uharibifu wa upepo;
haitalipa mafuriko,
wala maji ya bahari yaliyopanda nchi kavu.

Bi Somoe Nangomwa ananipokea ghalani.
Mlango upo. Kufuli lipo, limefungwa.
Anafundua ufunguo kwenye pindo la khanga,
anafungua taratibu, kana kwamba ndani kuna mtu amelala,
nami naona mbingu.

Magunia mia nane na arobaini, anasema.
Nahesabu. Yapo.
Yamepangwa, yameshonwa midomo kwa uzi wa bluu,
hakuna hata moja lililotobolewa,
na yote yamelala bapa kama soksi.
Chumvi haikuvunja mlango.
Ilipita katikati ya nyuzi.

Nimekagua nyumba zilizoungua: majivu hubaki.
Duka lililoibiwa: hubaki vumbi lenye umbo la redio.
Hapa nipige picha ya nini?
Picha namba tatu: sakafu.
Picha namba nne: sakafu, kwa karibu.
Alipogeuka nikagusa ukuta, nikalamba kidole.
Fomu haina mahali pa ulimi.

"Kilitangulia kipi, mama? Upepo au maji?"
"Mwanangu, mimi nilikuwa chini ya kitanda."

Chilumba, mlinzi, yeye alikuwepo.
Bati la kwanza liling'oka saa nane kasoro,
kwa sauti ya muuza duka anayechana jora,
kisha la pili, kisha akaacha kuhesabu akamtaja Mungu.
Maji? Maji yalikuja wakati wa adhana ya alfajiri,
au ingekuwa adhana, ila umeme haukuwepo.
Ofisini watasema: mlinzi ni mtu wa mwenye mali.

Basi nikapanda ngazi kuiuliza misumari.
Msumari hauna shemeji.
Ile ya kenchi imenyooka kutazama juu,
mingine imepinda upande wa Lindi mjini,
na maji, nijuavyo, hayang'oi bati kwa kulivuta mbinguni.
Nikashuka, nikapima alama ya tope ukutani:
sentimita hamsini na mbili.
Nikamwomba Bi Somoe asimame hapo.
Ilimfika gotini.
"Na rundo lilifika wapi?"
Akainua mkono juu ya mtandio wake, akausimamisha hewani,
akasahau kuushusha.

Hesabu niliifanyia juu ya ndoo iliyopinduliwa.
Chini ya goti, bahari.
Juu ya goti, mvua iliyoingia palipokuwa na paa,
na paa lilichukuliwa na upepo,
na huo upepo tumeupokelea ada miaka saba,
risiti zake kaziweka kwenye kopo la maziwa,
kavu kuliko kitu chochote pale.

Nikamweleza. Akakaa kimya, vidole vikisogea;
sidhani alikuwa anahesabu fedha.
"Niandikie basi kuanzia goti kwenda juu.
Ya chini siyadai.
Bahari nilimfungulia mfereji mwenyewe,
nikamwanika kwenye majaruba, nikamshona guniani.
Naye alikuwa na dai lake.
Kaja usiku, hakujaza fomu,
kalipwa palepale."

Sasa niko Lindi, mezani, feni haizunguki.
Mstari wa tisa nimeweka alama mbili.
Itarudishwa, najua, na kalamu nyekundu,
na nitairudisha tena vilevile.
Misumari mitatu nimeiambatanisha.
Mmoja umeshatoboa bahasha.